Kununua, Kutunza na Kuuza Ndege ya Kivita ya Vita vya Pili vya Dunia: Mwongozo Kamili

Mwaka 1946 Paul Mantz, rubani wa Marekani aliyezoea kurusha ndege kwenye filamu, alinunua kwa mkupuo ndege 475 zilizokuwa zimeachwa na jeshi huko Stillwater, Oklahoma. Alilipa dola 55,000 na ushee. Inasimuliwa kwamba petroli iliyobaki kwenye matangi ilitosha kumrudishia fedha zake. Nyingi ziliishia kuuzwa kama chuma chakavu, yeye akabaki na chache. Miaka 69 baadaye, Julai 2015, Spitfire moja, ndege ya kivita ya Uingereza, namba P9374, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Hiyo P9374 ilitua kwa dharura kwenye ufuo karibu na Calais, Ufaransa, Mei 24, 1940. Mchanga uliimeza, ukaja kuitapika miaka 40 baadaye. Ilipopelekwa karakana, sehemu kubwa ya chuma chake ililazimika kuundwa upya. Sasa jiulize: mnunuzi wa 2015 alilipia nini hasa? Alilipia ufundi, ndiyo. Lakini zaidi alilipia jina: ndege ile ile, siku ile, ufuo ule.

Shika hilo unaposoma yanayofuata. Ndege hizi zina vitu viwili, chuma na jina. Chuma kinaweza kukatwa, kutupwa na kuundwa tena. Jina likishachafuka halioshwi. Karibu kila hasara kubwa katika biashara hii hutokea pale mtu anapolipia kimoja akidhani amepata vyote viwili.

Hatua ya 1: Amua itaishi maisha gani

Amua kabla hujaitazama hata moja, kwa sababu uamuzi huu ndio utakaokupangia bei, fundi, sheria na jengo. Ndege ya zamani inaweza kuruka. Inaweza kusimama ndani ya jengo ikiwa safi na kamili. Inaweza pia kubaki ilivyookotwa, na matundu yake ya risasi na rangi yake iliyochujuka. Haiwezi kuwa vyote. Ikitakiwa kuruka, mihimili ya mabawa itabadilishwa, nyaya zitatolewa, redio ya kisasa itafungwa, rangi ya zamani itakwanguliwa ili fundi aone nyufa. Kila kinachoifanya iwe salama angani kinaondoa ushahidi wa mwaka 1940 au 1944.

Wanajeshi wa Australia waliikuta Messerschmitt Bf 109 G-2, ndege ya kivita ya Kijerumani iitwayo "Black 6", huko Afrika Kaskazini, na watu wa kujitolea Uingereza wakaifufua kwa miaka mingi hadi ikaruka tena mwaka 1991. Oktoba 12, 1997, ikiwa kwenye safari iliyopangwa kuwa ya mwisho kabla ya kustaafishwa, ilianguka kwenye uwanja wa Duxford, Uingereza. Rubani alinusurika, ndege ikatengenezwa tena ili isimame kwenye makumbusho. Wapo wanaosema haikupaswa kuruka kabisa. Wapo wanaosema ndege isiyoruka ni sanamu. Mimi naegemea upande huu: ikiwa ndege bado ina bati, rangi na vifaa vyake vya asili kwa kiasi kikubwa, iachwe chini. Zipo nyingine zilizokwisha badilishwa vya kutosha, hizo ziruke.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Mwaka 2012 ilionekana P-40 Kittyhawk, ndege ya kivita iliyoundwa Marekani, namba ET574, kwenye jangwa la Sahara nchini Misri, ikiwa imekaa pale tangu Juni 1942 karibu kama rubani wake alivyoiacha. Rubani hakuwahi kupatikana. Ndege ilipelekwa kwenye makumbusho ya El Alamein, na huko ikapakwa rangi mpya. Jangwa lilikuwa limeitunza kwa miaka 70. Brashi ilifuta mengi kwa siku chache.

Hatua ya 2: Fuatilia jina

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa methali hiyo ina uzito wa mamilioni. Anza na bamba la utambulisho, kile kipande kidogo cha chuma kilichopigwa namba ya kiwanda. Usiridhike kuliona. Uliza lilipigiliwa wapi mwanzo, kama ribiti zake, ile misumari inayobana mabati, ni za zamani, kama lilitoka pamoja na mwili huu au lilinunuliwa peke yake. Ndiyo, mabamba hununuliwa peke yake. Mtu anaweza kuwa na bamba, mkono wa usukani na mbavu mbili za mkia, akaijengea ndege nzima mpya. Kisheria na kiufundi huenda kazi hiyo ni safi kabisa, na ndege ikaruka vizuri. Ila bei yake isiwe ya ndege iliyotoka vitani ikiwa na mwili wake.

Angalia pia kwamba namba ya bamba si lazima iwe ile iliyoandikwa ubavuni. Spitfire zilizotoka kiwanda cha Castle Bromwich zilikuwa na namba ya kiwanda inayoanza na herufi CBAF, wakati jeshi la anga liliipa ndege hiyo hiyo namba yake nyingine. Kuziunganisha namba mbili hizo kwa ushahidi ndiyo kazi yako.

Ushahidi uko wapi? Kwa ndege za Uingereza kuna kadi za mienendo, Fomu 78 ya Wizara ya Anga, ambazo RAF Museum, makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, inazo. Kadi inaonyesha ndege ilikabidhiwa kikosi gani na lini, iliharibika lini, ilifutwa lini. Kisha nenda kwenye vitabu vya kila siku vya vikosi, vilivyo kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, kundi la AIR 27. Humo rubani ametajwa, saa ya kuondoka imeandikwa, na mara nyingine utaikuta ndege yako siku ile ile ilipopigwa. Kwa ndege za jeshi la anga la Marekani, kadi za kila ndege zimehifadhiwa na kitengo cha utafiti wa historia cha jeshi hilo, kambi ya Maxwell, Alabama.

Linganisha tarehe moja baada ya nyingine. Kadi ikisema ndege ilivunjwa chuma chakavu mwaka 1945 na muuzaji anakuonyesha picha yake ya mwaka 1948, usikimbilie kumwita tapeli, maana makarani wa vita walikosea pia. Lakini usitoe senti mpaka hilo lielezwe. Na uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: je, kuna mtu mwingine popote anayejenga ndege kwa jina hili hili? Hutokea mabaki yakagawanywa, mmoja akachukua mkia na mwingine bawa, kila mmoja akadai jina.

Hatua ya 3: Hakikisha anayeuza ndiye mwenye mali

Kama ndege imesajiliwa, daftari la usajili ni mahali pa kuanzia tu. Nchini Uingereza, mamlaka ya usafiri wa anga inasema wazi kwamba jina lililo kwenye daftari si uthibitisho wa umiliki. Unahitaji mlolongo wa hati za mauzo, kutoka jeshini hadi kwa huyu aliye mbele yako. Tafuta pia kama kuna deni limewekwa juu ya ndege. Uingereza ina daftari la rehani za ndege, na Marekani kumbukumbu za umiliki na madeni ziko kwa mamlaka ya anga, FAA, huko Oklahoma City.

Kama ni mabaki yaliyo ardhini au majini, mambo hubadilika kabisa. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi: huruhusiwi kugusa ndege ya jeshi iliyoanguka bila leseni ya Wizara ya Ulinzi, na leseni haigawiwi kama maji, hasa ikidhaniwa kuna mwili wa binadamu au mabomu. Marekani ina sheria ya mwaka 2004 inayolinda vyombo vya kijeshi vilivyozama, na jeshi la majini halikubali kwamba limewahi kuzitelekeza ndege zake, hata zikae chini ya bahari miaka mia. Papua New Guinea, ambako Zero za Wajapani na Lightning na Kittyhawk zilizoundwa Marekani zilianguka kwa wingi, mabaki ya vita ni mali ya dola. Anayekuuzia ndege iliyo bado porini huko anakuuzia hadithi.

Na hadithi huuzika sana. Zile Spitfire zilizosemekana kuzikwa ndani ya masanduku Burma mwishoni mwa vita zilitafutwa kwa mashine na fedha nyingi karibu na uwanja wa ndege wa Yangon. Mwaka 2013 wachimbaji walitoka mikono mitupu.

Hatua ya 4: Kagua chuma

Usiende peke yako. Ajiri fundi ambaye amewahi kuifungua aina hiyo hiyo ya ndege, si "ndege za zamani" kwa ujumla. Anayeijua Mustang ya Marekani hajui Hurricane ya Uingereza. Hurricane ina mifupa ya mabomba ya chuma yaliyofungwa kwa bolti, juu yake mbao nyembamba, juu ya mbao kitambaa. Mihimili ya mabawa yake imekunjwa kutoka bati gumu la chuma hadi ikawa na pembe nyingi, kazi iliyowatesa mafundi wa leo kwa miaka kabla hawajaweza kuirudia. Ndege iliyoundwa kwa aluminiamu tupu haikufundishi chochote kuhusu hayo.

Kwa Spitfire, ugonjwa uko kwenye mhimili mkuu wa bawa. Umeundwa kwa mabomba ya mraba yaliyochomekwa moja ndani ya lingine, mengi karibu na mwili, yakipungua kuelekea ncha ya bawa. Werevu wa hali ya juu: nguvu iko panapohitajika, uzito unapungua pasipohitajika. Lakini unyevu ukipenya katikati ya mabomba hayo, hauonekani kwa tochi wala kioo. Ndiyo maana karibu kila Spitfire inayorudishwa angani hufungiwa mihimili mipya. Ukiambiwa mihimili ni ya asili na ndege itaruka, uliza ilifunguliwa lini, na nani, na picha ziko wapi.

Baada ya hapo zunguka taratibu. Aluminiamu haioti kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe, na inapougua vibaya bati huvimba kati ya ribiti moja na nyingine, tabaka zake zikaachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Pitisha kiganja juu ya bawa ukiwa umefumba macho, utayahisi mawimbi kabla jicho halijayaona. Tazama nyuma ya ribiti: mstari mweusi kama moshi unaofuata mwelekeo wa upepo unasema ribiti imelegea na inasagika. Tafuta mahali ambapo bolti ya chuma imepita kwenye aluminiamu bila kinga, maana metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu, moja huila nyingine. Vipande vya magnesiamu, kama magurudumu na baadhi ya vipande vilivyomiminwa kwenye kalibu, vikikaa kwenye maji ya chumvi huyeyuka kama sabuni.

Mosquito, ndege nyingine ya Uingereza, ni ulimwengu mwingine. Hiyo ni mbao na gundi. Hapo unagongagonga kwa ncha ya kidole au nyundo ndogo ukisikiliza sauti, kwa sababu tabaka lililoachana hulia tofauti na lililoshikana. Kwa vyovyote, ndege ya mbao iliyokaa nje isikusumbue, isipokuwa unataka vipimo vyake tu.

Ripoti ya fundi iwe na picha na namba ya kila kipande kilichokataliwa. Ripoti ya kurasa mbili inayosema "hali nzuri kwa umri wake" ni mbuzi ndani ya gunia.

Hatua ya 5: Injini, na kwa nini usiipende kwa sauti yake

Merlin, injini ya Spitfire nyingi, Hurricane na Mustang nyingi, ni ya lita 27 yenye silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, na ikinguruma mtu mzima anaweza kusahau alichokuja kukagua. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana huiwasha mapema.

Omba iwashwe ikiwa baridi. Shika mwili wake kabla, ukiukuta una moto uliza kwa nini. Baada ya kuzimwa, chujio la oili lifunguliwe mbele yako. Vumbi laini ni la kawaida, lakini chembe zinazometameta kama magamba ya samaki zinatoka kwenye beringi, na hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya. Pima mgandamizo wa kila silinda. Tafuta dalili za maji ya kupoza yanayovuja kwenye sehemu za juu za silinda. Soma daftari la injini ukitazama miaka, si saa peke yake. Injini yenye saa 60 tu tangu ifanyiwe ukarabati, lakini ukarabati wenyewe ulifanyika miaka 25 iliyopita na tangu hapo imekaa banda lenye baridi, ina sili zilizokauka na huenda kutu ndani ya silinda.

Uliza kama propela imewahi kugonga ardhi. Mapanga ya mbao ya Spitfire huvunjika vipande na kuiokoa injini kwa kiasi. Ya chuma hupitisha kishindo chote hadi ndani. Kwa hali zote mbili injini ilipaswa kufunguliwa baadaye, na kama haikufunguliwa, hesabu kwamba utaifungua wewe.

Kuhusu uasilia wa injini, soko lina huruma kiasi. Zero nyingi zinazoruka zimefungwa injini ya Kimarekani ya Pratt & Whitney, na ile ya Chino, California, inayoruka kwa injini yake ya Sakae inajulikana dunia nzima kwa sababu hiyo. Uhispania iliunda Bf 109 zake na hatimaye ikazifunga Merlin, injini ya adui. Ndege hizo, zinazoitwa Buchón, ni nzuri na zina soko lake, mradi usilipe bei ya Mjerumani kwa Mhispania.

Hatua ya 6: Bei na mkataba

Mustang nzuri inayoruka huombewa zaidi ya dola milioni 2. Kinachopandisha bei ni vita vyenyewe: ndege iliyopigana ikiwa na rubani anayejulikana hupita mbali ndege pacha wake iliyomalizia vita ghalani. Kinachoshusha ni jina lenye mgogoro, karatasi zilizopotea, na mradi ulioachwa njiani. Mradi ndio mtego mkubwa. Vipande vilivyopangwa kwenye makasha huonekana kama nusu ya ndege, kumbe ni moja ya kumi ya kazi. P-38 Lightning iliyopewa jina "Glacier Girl" ilitolewa chini ya mita 82 za barafu ya Greenland mwaka 1992. Iliruka tena mwaka 2002, na hapo palikuwa na fedha na mafundi waliojitoa.

Mkataba utaje namba zote: ya kiwanda, ya jeshi, ya usajili, za injini na propela. Utaje vipuri vinavyoenda na ndege, kimoja kimoja. Amana ikae kwa mtu wa tatu mpaka ukaguzi ukamilike. Weka kifungu kinachosema nini kitatokea endapo mtu mwingine atajitokeza kudai jina la ndege. Mawakili wa kawaida hawalifikirii hilo, utawaambia wewe. Kwenye mnada huna nafasi ya masharti, kwa hiyo kazi yote ya hatua nne zilizotangulia iishe kabla nyundo haijagonga.

Hatua ya 7: Bunduki, vipimo vyenye mionzi na mipaka

Bunduki kwanza. Ondoa wazo la kuwa nazo hai. Ndege nyingi zinazoruka hubeba mitutu ya bandia, na hiyo ndiyo njia ya amani. Zilizo za kweli lazima ziwe zimeharibiwa uwezo wake kisheria na ziwe na cheti. Mabaki yaliyochimbwa yakaguliwe na wataalamu wa mabomu kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono, maana risasi za miaka 80 bado zinalipuka.

Kisha kuna hatari isiyopiga kelele. Vipimo vya chumba cha rubani vilipakwa rangi yenye radiamu ili visomeke gizani. Leo having'ai tena, na watu hudhani sumu imekwisha. Kilichochoka ni ile kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo, usikwangue, usihifadhi vipimo vingi kwenye chumba kidogo kisicho na hewa, na ujue sheria ya nchi yako inasemaje kuhusu kuvimiliki na kuvisafirisha. Ukivibadilisha, vya asili viwekwe kwenye kasha lililoandikwa.

Kuvusha mpaka kunahitaji vibali vya aina mbili vinavyotoka ofisi tofauti, kimoja kwa sababu ndege ni chombo cha kijeshi, kingine kwa sababu ni mali ya urithi. Uingereza, vitu vya zaidi ya miaka 50 vyenye thamani kubwa huhitaji leseni ya kutoka. Omba kabla ya kulipa fedha zote.

Usafirishaji wenyewe ni rahisi kuliko unavyoogopwa: mabawa hutolewa, ndege huingia kontena ndani ya fremu iliyotengenezwa kwa vipimo vyake. Mabawa yatolewe na mafundi wanaoijua aina hiyo, basi.

Hatua ya 8: Itunze

Ikiwa itasimama, adui wako ni unyevu, mwanga na mikono yenye nia njema. Weka unyevu wa hewa usiopandapanda, kati ya asilimia 40 na 50 panafaa kwa ndege ya chuma. Mabadiliko ya ghafla ni mabaya kuliko namba yenyewe, kwa sababu chuma baridi kwenye hewa ya joto hutokwa jasho. Toa petroli yote, nyunyiza oili ya kuhifadhia ndani ya silinda, toa plagi za kawaida uweke zenye dawa ya kunyonya unyevu. Inua ndege juu ya stendi ili tairi zisibebe uzito. Kwa injini ya duara, yaani yenye silinda zilizopangwa kwa mzunguko, au ile ya Bf 109 ambayo silinda zake zinatazama chini, kumbuka oili hushuka na kujaa kwenye silinda za chini. Mtu akija siku moja kuiwasha bila kuizungusha propela kwa mkono, atapinda chuma.

Isikae nje. Baada ya vita Spitfire nyingi zilisimamishwa kwenye malango ya kambi za jeshi la anga la Uingereza, zikinyeshewa kwa miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jeshi lilianza kuziondoa na kuweka mifano ya plastiki mahali pake. Mpita njia haoni tofauti, na ndege za kweli zikapona.

Rangi ya zamani usiiguse kabla hujajua ni nini. Fundi wa hifadhi husugua sehemu ndogo, ukubwa wa sarafu, kwa msasa laini unaolowa maji, tabaka baada ya tabaka, mpaka yanatokea mapete kama ya shina la mti: rangi ya maonyesho ya miaka ya 1970, ya mafunzo, ya kikosi, na chini kabisa ya kiwandani. Sarafu hiyo moja ina historia kuliko makala nyingi. Ukikwangua yote kwa mashine, umeichoma.

Kwa chuma kilichotoka baharini, kazi ya kwanza ni kutoa chumvi, na inataka subira. Ndege ya mabomu ya Kijerumani Dornier Do 17 iliyotolewa mlangobahari wa Uingereza Juni 2013 ilipelekwa makumbusho ya Cosford, Uingereza, na kuwekwa ndani ya mahema marefu ya plastiki, ikinyunyiziwa maji yenye asidi ya limau kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kukauka. Ikikauka na chumvi yake, inageuka unga.

Ikiwa itaruka, tayarisha mfuko. Mustang kwenye mwendo wa kawaida hunywa takriban lita 230 za petroli kwa saa, na petroli ndiyo gharama ndogo. Uingereza ndege huruka kwa Kibali cha Kuruka chini ya mashirika ya mafundi yaliyoidhinishwa. Marekani nyingi huruka chini ya cheti cha majaribio kwa ajili ya maonyesho. Kubeba abiria wanaolipa ni ruhusa ya ziada nchi zote mbili, na inaweza kuondolewa. B-17 moja, ndege ya mabomu ya Marekani, ilipoanguka Connecticut Oktoba 2019 na kuua watu 7, uchunguzi ulikuta magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, na plagi zikiwa na kasoro, na waendeshaji wakanyang'anywa ruhusa hiyo miezi michache baadaye. Hizo si sehemu adimu. Ni vitu ambavyo fundi huvifungua kila msimu.

Rubani aanze na Harvard, ndege ya mafunzo ya enzi zile zile yenye gurudumu la mkiani, na apande ngazi polepole. Mustang ikitua vibaya na rubani akasukuma nguvu zote ghafla, propela kubwa huweza kuipindua karibu na ardhi. Spitfire ina tatizo la kinyume: ikiwa chini inachemka upesi, mguu mmoja wa magurudumu hukinga hewa ya kupoza, na rubani mzito wa kukagua orodha yake huona sindano ya joto ikipanda kabla hajafika mwanzo wa barabara.

Hatua ya 9: Kuiuza

Usiipake rangi mpya ili ivutie. Mnunuzi mjuzi atajiuliza umeficha nini chini yake. Tumia fedha hizo kupanga jalada: nakala za kadi, kurasa za vitabu vya kikosi, hati za mauzo kwa mfuatano wa miaka, picha za kila hatua ya ukarabati, ankara. Andika kwa mkono wako ni sehemu zipi za asili, zipi za ndege nyingine, zipi mpya. Ukisema ukweli kwamba bawa la kulia lote ni la mwaka 2008, utapoteza kidogo leo. Ukikamatwa nalo, utapoteza mauzo na jina la ndege kwa pamoja.

Makumbusho inayotaka kuuza isome kwanza barua ya aliyetoa. Ndege nyingi za kijeshi zilizo kwenye makumbusho ya Marekani ni za mkopo kutoka makumbusho ya taifa ya jeshi la anga, hata kama zimekaa hapo tangu watumishi wa sasa hawajazaliwa, na hazina wa kuziuza.

Kama ndege ina historia kubwa na iko tayari, mnada hufaa, kwa kuwa ushindani wa siku moja hupandisha bei. Kama ni mradi au ina maelezo marefu, tafuta dalali anayejishughulisha na ndege hizi tu, ambaye anajua nani anatafuta nini.

Siku ya makabidhiano, pamoja na funguo za banda na madaftari, mpe mnunuzi yale makasha ya vipande vilivyotolewa: mhimili wa zamani ulioliwa, vipimo vyenye radiamu vikiwa vimefungwa vizuri na kuandikwa, mabati yenye matundu, kila kimoja na kikaratasi chake kinachosema kilitolewa wapi na tarehe gani. Kama makasha hayaenei kwenye gari lake, aje na gari la pili.